Kijana wa miaka 20 bado anakunjika

Hapa Kigoma, mtoto akikosea, hakosekani mtu mzima wa kukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Kwa upande wa malezi, methali hiyo siipingi. Ninachokipinga ni namna tunavyoigeuza kuwa hukumu, tukamtazama kijana wa miaka 20 na kutamka kwamba huyo amekwisha kukauka, asiaminiwe kazi wala asihesabiwe katika mambo ya ukoo.

Utafiti hauungi mkono hukumu hiyo. Mwaka 2006 mwanasaikolojia Brent Roberts na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti zilizofuatilia makundi 92 ya watu walewale kwa muda, wakaona kuwa tabia hubadilika zaidi kati ya miaka 20 na 40 kuliko hata wakati wa balehe, na kwamba wengi katika kipindi hicho huzidi kuwajibika na kutulia kihisia. Hulka haifutiki, kwani aliyekuwa mpole kuliko ndugu zake aghalabu hubaki hivyo; lakini wote husogea, na miongoni mwa mambo yanayoaminika kuwasogeza ni kazi, ndoa na malezi, yaani majukumu yaleyale tunayomnyima kijana tukisubiri kwanza abadilike.

Katika mwalo wa Kibirizi yupo kijana ambaye mtaani kwetu aliitwa mhuni bila kificho. Mwenye chombo cha uvuvi alimkabidhi daftari la mapato. Chombo kikirudi asubuhi, yeye ndiye huhesabu ndoo za dagaa, huandika, huondoa gharama za mafuta, kisha hugawa fedha mbele ya wavuvi wenzake, ambao hawakubali hata shilingi mia ipotee. Siku za mbalamwezi, dagaa wasipovutwa na taa na vyombo vikabaki nchi kavu, zamani alikuwa akilewa. Siku hizi hushona nyavu na kupiga hesabu za mwezi. Hakuna aliyemhubiria. Aliaminiwa, na wenzake wakamdai uaminifu kila siku.

Mwenye chombo naye, aliyevuka miaka 50, yumo katika badiliko lake. Mwanasaikolojia Erik Erikson, katika hatua nane za maisha alizozieleza mwaka 1950, aliona kwamba mtu wa makamo huhitaji kulea na kuendeleza kizazi kinachomfuata, na akikosa nafasi hiyo hudumaa. Naamini ndiyo maana mzee huyu huketi na kijana wake kila wiki wakipitia daftari mstari kwa mstari, ingawa angeweza kumwajiri mtu mwenye cheti.

Kwa hiyo wazee wa ukoo wanapokaa kuamua nani akabidhiwe chombo au shamba la michikichi, ningependa waulize kwanza kijana huyo amewahi kukabidhiwa nini, na nani alimsimamia, kabla ya kuuliza alifanya utundu gani akiwa darasa la sita.