Msiwatoe vijana kwenye maigizo

Juzi hapa Ujiji, kwenye kikao cha vijana wanaotaka kutengeneza filamu, jamaa mmoja mwenye kamera alisema maigizo ya jukwaani yamepitwa na wakati, anayetaka kuandika skripti asipoteze muda huko. Wengi wakaitikia. Nilikasirika, na hasira haijaniisha, maana mwandishi wa skripti ninayemheshimu kuliko wote kutoka mkoa huu wa Kigoma alianzia huko huko.

Dada yetu huyo nilikuwa naye kikundi kimoja. Tuliigiza sokoni Mwandiga na kwenye viwanja vya shule, habari za malaria na Ukimwi, bila maandishi yoyote: tunapanga kisa, tunagawana nafasi, kila mtu anatafuta maneno papo hapo. Kulikuwa na sehemu mume anarudi usiku, pesa ya dagaa kaimaliza, na mke, ambaye ni yeye, anamsomea risala ndefu. Kila tukifika hapo wauza mawese wanageukia biashara zao. Siku moja akaiacha risala. Akaweka sahani mbele ya mume, akafunua kawa, sahani tupu, akasema, "Karibu chakula, baba watoto." Soko likanyamaza, kisha mama mmoja kule nyuma akapaza sauti: "Mwambie!" Jioni ile alinunua daftari, akaanza kuandika yaliyowashika watu na yaliyowachosha. Uandishi wake ulianzia pale.

Anayeandika chumbani peke yake hamwoni mtazamaji anapochoka. Jukwaani unamwona, usoni kabisa, na huna muziki wa huzuni wa kufunika mazungumzo mabovu. Tamthilia ngapi za runinga tunatazama ambamo kila mhusika anaeleza moyo wake wote hadi hakuna cha kungoja? Mwandishi angesimama mbele ya wale wauza mawese mara moja tu, angekata. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, kule Mwanza, wakaandaa maigizo pamoja na wanakijiji kutokana na shida za wanakijiji wenyewe. Mwandishi wa tamthilia wa kiwango chake alikubali kukaa chini asikilize. Sisi ni nani tuone aibu?

Haya, jukwaa lina tabia zake mbaya. Sauti zinapazwa, mikono inarushwa, na kamera haivumilii hayo. Dada mwenyewe aliniambia alipofika Dar ilibidi ajifunze kufuta nusu ya maneno na kuiachia picha kazi. Lakini masikio ya kujua lipi lifutwe alikuwa nayo tayari.



Kinachonikosesha usingizi ni umbali. Chuo cha sanaa kiko Bagamoyo tangu 1981. Kutoka Kigoma hadi Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na kijana wa Kibirizi hana nauli, sembuse ada. Kikundi cha maigizo ndiyo shule yake pekee, na tukimwambia akikimbie tumemfungia mlango. Wenye kumbi Mwanga na Ujiji, harusi ni za jioni. Mchana wa Jumamosi wapeni vijana ukumbi bila kodi. Kukaa nao na kusoma sehemu wanazoandika nitafanya mimi, bure, kuanzia wiki mtakayosema.