Simba wangu wa Ruaha, na mama mkwe aliyenyamaza

Jamani mimi nimewahi kupaki gari saa nzima na dakika kumi namwangalia simba, kumbe jiwe. Na bora ningekuwa peke yangu, nilikuwa na mama mkwe.

Ilikuwa hivi. Mama mkwe wangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu, kule kunakonyesha mpaka nguo zinakauka kwa kukata tamaa, sasa akaja kututembelea Iringa ikaangukia sikukuu ya Nyerere, Oktoba 14, mi nikajiona mkwe wa maana nikasema mama kesho tunaenda Ruaha kuona wanyama. Mke wangu akaniangalia tu. Anajua Ruaha nimewahi kwenda mara moja, na shule, tena nilikaa siti ya katikati sikuona hata swala. Nikaazima Noah ya jamaa yangu, nikavaa traksuti mpya ya bluu niliyoiokota mitumbani, mama akabeba sufuria la wali, kuku, sweta na mwavuli. Nikamwambia mama kule ni joto, mvua mpaka mwezi wa kumi na mbili huko. Akasema mwavuli hauli chakula.

Njia kutoka mjini ni kama kilomita 130 na kipande kikubwa ni vumbi, barabara imekunjamana kama bati, ukipita Idodi na Tungamalenga meno yote yameshafahamiana. Muda wote huo mi naongea. Usiku nilikuwa nimesoma kwenye simu, kwa hiyo namwaga data tu, mama hii hifadhi ni kama kilomita za mraba elfu ishirini, mama inasemekana katika kila simba kumi waliobaki duniani mmoja yuko ukanda huu. Mama anaitikia "ee mkwe, ee mkwe" huku kashika sufuria.

Getini wakatuuliza mnahitaji mtu wa kuwaongoza? Nikacheka. Mimi mtu wa Iringa bwana, niongozwe kwetu? Hiyo hela niliyookoa pale nailaani mpaka leo.

Tukavuka daraja, chini viboko wamebanana kwenye kidimbwi kama abiria wa kosta. Askari mmoja akatuelezea kwamba mto Ruaha Mkuu siku hizi kiangazi unakauka, tangu 1993 kila mwaka unakata, maji yanaishia juu huko Usangu kwenye mashamba ya mpunga. Akasema hivyo, macho yake yakatua kwenye sufuria la wali. Sote tukaangalia sufuria. Mama mkwe akalifunika vizuri na kanga akasema, "Huu ni wa Kyela baba. Maji yetu sisi yanaenda ziwa Nyasa." Askari hakuwa na la kuongeza.

Ndani sasa. Wenzetu wa Ulaya mwezi wa kumi majani yanapukutika kwa baridi, Ruaha yanapukutika kwa jua, miti imebaki mifupa, mibuyu imechunwa magome na tembo, mama kutoka kwenye migomba yake akashangaa kweli, "Ee Kyala, huku nani kachoma moto?" Ila ndo raha yake, majani hakuna unaona mbali. Tukakuta tembo kwenye mto wa mchanga wanachimba kwa miguu, shimo likijaa maji wanaingiza mkonga, na mtoto anasubiri zamu yake. Mama akapiga makofi. "Kumbe na wao wana kisima!" Hapo nilikuwa mkwe namba moja wa mkoa mzima.

Afu wakaja mbung'o.

Kama hujui, mbung'o anapenda rangi ya bluu na nyeusi, ndo maana hifadhini utaona vitambaa vya bluu na nyeusi vimetundikwa kuwatega. Mimi nilikuwa kitambaa chenye leseni ya udereva. Waliacha gari zima wakaja kwangu. Na mbung'o ukimpiga kofi hafi, anajikung'uta anarudi kakasirika. Mama mkwe alikuwa kakaa nyuma yangu, mara nikasikia paaa! shingoni. Nikageuka. "Samahani mkwe, alikuwa hapo." Paaa! "Na mwingine." Heshima yote ya mahari iliishia kwenye kisogo changu, watoto nyuma wanahesabu kwa sauti, walifika kumi na nne.

Sasa ndo nikamwona simba. Upande wa kushoto, ng'ambo ya korongo, chini ya mti, rangi ileile, kichwa kilee. Nikazima gari. Nikawaambia kimya, mtu asipumue. Mke wangu akasema kaona sikio limecheza. Mtoto wa kwanza kaona mkia. Mi nikaona mpaka sharubu. Mama peke yake akasema, "Mkwe, hawa..." Nikamwambia shhh mama, utamkimbiza.

Likaja Land Cruiser la watalii, likasimama. Likaja lingine. Wazungu wakatoa makamera yenye shingo ndefu kama twiga, mi kichwa kimevimba, nimekuwa mwongoza watalii wa bure, namwambia dereva wa jirani kwa kunong'ona, dume hilo, limezeeka, simba analala hata saa ishirini kwa siku. Akaitikia kwa kichwa. Nadhani alikuwa bado anatafuta darubini yake.

Tatizo soda. Nilikunywa mbili tangu Tungamalenga. Sheria ya hifadhi ni moja, usishuke, na mimi niliisoma kwa sauti getini, lakini kibofu hakikuwepo. Nikapiga hesabu, simba yuko kushoto, nikishukia mlango wangu wa kulia gari litanikinga. Nikafungua taratibu. Mama akasema tena, "Mkwe, huko..." Nikamwambia mama nakuja sasa hivi tu. Nikasimama nyuma ya tairi nikamaliza shida zangu kwa amani, nikapiga na mluzi kidogo.

Nimerudi kwenye siti, dereva wa Land Cruiser ananiangalia kwa namna ambayo sijawahi kuangaliwa.

"Kaka, lile ni jiwe. Lipo pale tangu nimeanza kazi hii."

Kabla sijajibu akanyoosha kidole upande wangu wa kulia. "Mi nilidhani mmesimama kwa ajili ya hawa."

Simba jike watatu, wamelala kwenye kivuli cha kichaka. Kutoka tairi langu, hatua kumi na mbili labda. Mmoja ananiangalia, kachoka, kama mtu aliyeamshwa na jirani anayepiga mluzi.

Nilipandisha kioo nikasahau kwamba gari limezimwa, nabonyeza tu kitufe, nabonyeza tu. Mke wangu ndo akawasha switchi.

Nikageuka kwa mama. Mama ulikuwa unawaona? "Tangu tunasimama." Sasa mbona hukusema! "Si nilisema mara mbili, ukaniambia shhh. Nikajua hawa mmeshawaona, mnatafuta mwenye cheo." Na niliposhuka je? Akajifunika mdomo na kanga. "Mkwe, ulipofungua zipu mi nitakuangaliaje? Niligeukia kule nikakuombea."

Mpaka tunatoka geti hakuna aliyeniongelesha, wanacheka tu, wakinyamaza mmoja anapiga mluzi wanaanza upya. Picha za jiwe ninazo sitini na tatu. Za simba sina hata moja, chaji ilikuwa imeisha.

Mama keshapiga simu Tukuyu.