Ujira wa fundi bomba

Fundi bomba akimaliza kazi unamlipa, anakusanya spana zake, anaondoka. Harudi mwisho wa mwezi kudai asilimia ya maji uliyochota. Steve Albini, fundi wa kurekodi muziki, aliandika karibu hivyo katika barua aliyowapelekea Nirvana, bendi ya roki ya Marekani, kabla hawajarekodi albamu yao In Utero: nilipeni kama fundi bomba. Hesabu alishaipiga. Mrabaha wa asilimia moja au moja na nusu, albamu ikiuza nakala milioni 3, ungempa dola kama 400,000. Akasema pesa hizo zingemkosesha usingizi. Akachukua dola 100,000, yakaisha.

Wengi wakiizungumzia albamu hii huanzia kwenye kifo cha mwimbaji wao Kurt Cobain, Aprili 1994. Mimi huanzia kwenye barua. Mtu asiye na fungu lolote katika mauzo hana haja ya kulainisha sauti ili iuzike, na ulaini ndio Nirvana walikuwa wanaukimbia. Albamu yao iliyotangulia, Nevermind ya 1991, ilimng'oa Michael Jackson kileleni mwa chati za Marekani, lakini Cobain mwenyewe aliiona imepigwa msasa mno.

Basi Februari 1993 wakaenda kujichimbia studio ya Pachyderm, Cannon Falls, Minnesota, katikati ya msitu na theluji. Wiki mbili tu. Albini alizizungushia ngoma za Dave Grohl maikrofoni kama 30, nyingine zikiwa mbali kabisa, ili chumba chenyewe kisikike. Cobain aliimba sehemu kubwa ya nyimbo kwa siku moja. Niliposikiliza mara ya kwanza nilidhani spika zangu zimekufa. Gitaa linakwaruza, sauti ya mwimbaji imezama katikati ya vyombo badala ya kukaa juu yake.

Kampuni ya kurekodi haikufurahi. Bendi nayo ikaanza kusitasita, jambo ambalo mashabiki wagumu hawapendi kulikubali, maana ni raha zaidi kuwatupia lawama wenye suti. Mwishowe Scott Litt, aliyefanya kazi na bendi ya R.E.M., akaitwa kuzimiksi upya, yaani kupanga upya uwiano wa sauti na vyombo, nyimbo mbili: Heart-Shaped Box na All Apologies. Mwaka 2013 miksi za Albini za nyimbo hizo zilitoka rasmi, mtu akaweza kujipimia. Kwa sikio langu, Litt aliisaidia ya kwanza. Ya pili ingeachwa tu.

Na ile sauti iliyoogopwa? Albamu ilipotoka Septemba 1993, iliingia chati za Marekani moja kwa moja namba moja.

Hata jina la prodyuza Albini hakulitaka. Alisema yeye kazi yake ni kurekodi. Baadaye alifungua studio yake Chicago, Electrical Audio, akawapokea wakubwa na bendi ambazo hata majirani zao hawazijui. Alifariki Mei 2024 akiwa na miaka 61, bado anatoza kwa siku.