Gari la Mnyonge Limegeuzwa Hati ya Kiwanja

Jumanne iliyopita mteja katuletea gari juu ya trela, limefunikwa shuka gubigubi kama bi harusi anayesubiri kufunuliwa. Shuka lilipotoka, chai yangu ikapoa mezani. Plymouth Road Runner ya 1969, ya kijani, milango miwili, bampa inang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu. Huu ni mwaka wangu wa 11 hapa Michigan, nashika spana kila siku ya Mungu, na bado gari la namna hiyo likiingia gereji moyo unaruka kama wa mtoto aliyesikia kengele ya aiskrimu.

Mteja akatoa maagizo. Limekaa miaka mitatu bila kuwashwa. Anataka liwake, breki zishike, basi. Na kulijaribu barabarani? "Mpaka kona ile, urudi." Nikadhani sikusikia vizuri. Akanieleza taratibu, kama anayemwelekeza mgeni choo kilipo: kila maili inayoongezeka inapunguza bei.

Nina donge kooni tangu siku hiyo. Acha nilitemee hapa.

Road Runner haikuzaliwa kwenye ukoo wa kifalme. Ilitoka mwaka wa 1968 kwa sababu magari ya misuli, yale ya mitaani yenye injini kubwa za mbio, yalikuwa yameshaanza kuwa ghali, na vijana wenyewe waliokuwa wanayatamani walibaki kuyachungulia dirishani. Plymouth wakachukua bodi la gari lao la kawaida, wakaling'oa kila kikorombwezo. Zulia hakuna, chini umetandikwa mpira. Kiti cha mbele benchi moja refu, mnabanana kama abiria wa Chai Maharage. Pesa iliyookolewa kwenye anasa ikaenda kwenye injini: V8, yaani silinda nane, ya inchi za ujazo 383, nguvu za farasi 335. Halafu wakawalipa Warner Bros. dola 50,000 kwa jina na picha ya yule ndege wa katuni, wakafunga na honi inayolia kama yeye, miip-miip. Bei ikaanzia dola 2,896. Mwaka huo wakauza karibu 45,000, mwaka uliofuata zaidi ya 80,000.

Sasa piga hesabu na mimi. Mwaka 1968 kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu kilikuwa dola 1.60 kwa saa. Hiyo 2,896 ni saa 1,810 za jasho, hata mwaka wa kazi haujaisha. Leo kima hicho ni dola 7.25, kimegoma kusogea tangu 2009. Saa zilezile 1,810 zinakupa dola 13,122 na senti. Mteja wangu kalinunua lake kwa 68,000, tena ananisimulia kwa sauti ya mtu aliyeokota. Kwa 13,000 naweza kukutafutia ganda lenye kutu, na hadithi ndefu ya muuzaji utapewa bure.

Lakini bei yenyewe nisingeiandikia makala. Kila kitu kimepanda, hata mayai. Kinachoniunguza ni hii dini mpya ya kununua gari ili lisitembee.

Ngoja niwaambie nilichokikuta chini ya boneti ya huyo bi harusi. Petroli ya huku imechanganywa ethanoli, inavuta unyevu kutoka hewani, na ikikaa inageuka ulimbo. Nilipoifungua kabureta, ile Carter ya matundu manne, ndani kumeganda utando wa rangi ya chai kavu, unanuka kama duka la vanishi. Mpira wa pampu yake umekakamaa kama ganda la muwa. Mafuta ya breki nayo yamenyonya maji miaka mitatu, silinda ya gurudumu la nyuma kulia imeshikwa na kutu. Nimeibembeleza nusu saa, kisha nikaacha kuibembeleza nikachukua nyundo. Injini ilipopata moto, ile sili ya kamba nyuma ya krankishafti, iliyokauka kama dagaa, ikaanza kudondosha oili sakafuni, tone, tone. Ndani ya boksi la kichujio cha hewa panya kajenga nyumba ya sufi aliyoichuna kwenye kiti cha nyuma, kiti ambacho binadamu haruhusiwi kukikalia.

Gari hilo lina maili 41,000. Katika uharibifu wote huo, nionesheni hata mmoja ulioletwa na maili.

Baba mkubwa wangu wa Korogwe alikuwa na Peugeot 504. Ilibeba katani, ikabeba mbuzi, maharusi, na mara mbili maiti. Ilipanda Lushoto na magunia mpaka juu ya keria, ikashuka, ikapanda tena. Akapata uhamisho wa Mtwara, akaiegesha chini ya mwembe: "nitaifuata." Miaka miwili. Kuku wakaanza kutagia kiti cha nyuma, na shangazi akawa anaokota mayai humo kila asubuhi bila wasiwasi wowote. Mzee aliporudi na betri mpya mkononi, 504 haikujibu. Milima ya Usambara ilishindwa kuliua gari lile, likaja kuuawa na kivuli cha mwembe. Kwa hiyo mtu akiniambia analitunza gari kwa kuliacha limesimama, mimi nawaona kuku.

Na unajua mteja alinionesha nini kwa fahari? Hakufungua boneti. Alitoa karatasi. Ile karatasi ya kiwandani ya oda ya gari, iliyokutwa kwenye springi za kiti cha nyuma, sasa iko kwenye fremu ya kioo. Kisha akanisomesha namba ya chesisi kupitia kioo cha mbele, kidole kikasimama kwenye herufi H, yaani 383 halisi. Ingekuwa J, yaani Hemi ya 426, ile injini kubwa na adimu zaidi, nadhani angekuja na askari. Namba ya injini na ya chesisi zinaoana, yaani injini ni ileile ya kiwandani, hilo alilirudia mara nne. Nikamuuliza gia ya tatu inaingiaje. Hakujua. Mwenye gari hajui gia ya tatu ya gari lake inaingiaje, jamani, lakini bei aliyoisikia mnadani mwezi wa kwanza anaijua mpaka dola ya mwisho.

Sisemi kila gari liburuzwe. Hemi 'Cuda ya wazi ya 1971, yaani Plymouth Barracuda yenye injini ya Hemi, ile iliyonadiwa Seattle mwaka 2014 kwa dola milioni 3.5, ziliundwa chache kiasi kwamba hazijazi hata nusu ya viti vya Coaster. Hizo wafungieni makumbusho, mimi simo. Ila 383 ya kawaida, moja kati ya elfu themanini na zaidi za mwaka wake, nayo ivalishwe shuka?

Cha kuchekesha, mnada wenyewe unawaumbua. Ile Mustang ya kijani ya 1968 aliyoirusha mwigizaji Steve McQueen kwenye vilima vya San Francisco katika filamu ya Bullitt ilinunuliwa na familia moja mwaka 1974 kwa dola 6,000. Mama wa familia hiyo, mwalimu, akawa anaiendea shuleni kufundisha. Mwaka 1977 McQueen mwenyewe akaandika barua akitaka auziwe; wakauchuna. Januari 2020 ikapelekwa mnadani Kissimmee, Florida, nyundo ikagonga kwenye dola milioni 3.4. Haikuwa imepakwa rangi upya, makovu ya kwenye filamu bado yapo. Watu walipandishiana dau juu ya mikwaruzo! Na mama yule alikuwa anaweka mkoba wa shule kwenye kiti cha abiria.

Haya, nikubali moja, ingawa jino linauma. Bila bei hizi mengi ya magari haya tusingeyaona. Bima za vijana zilipanda, ikaja sheria ya hewa safi ya 1970, kisha Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikagoma kuiuzia Marekani mafuta, na V8 ikawa mzigo kama mke wa pili kwa mwenye mshahara mmoja. Yalisagwa kuwa chuma chakavu bila huruma. Bei ilipopanda, watu wakaacha kuyatupa, na biashara ya spea ikafufuka; leo kampuni ya Dynacorn wanatengeneza bodi zima jipya la Camaro ya 1969, ganda ambalo halijawahi kuonja mvua. Na kodi yangu ya nyumba, nisijifanye, inatokana kwa sehemu na watu kama huyu mteja. Yeye na shuka lake.

Feki nazo zimejaa, watu wanagonga namba upya usiku. Hilo ni la makala nyingine.

Pita Woodward, ile barabara kuu ya Detroit, Jumamosi ya tatu ya Agosti, siku ya gwaride la magari ya zamani, uone. Barabara hii miaka ya sitini vijana walikuwa wanashindana taa kwa taa usiku, wametoka zamu kiwandani. Siku hizi wazee wamekaa kando kwenye viti vya kukunja, magari yameegeshwa na vibao vya "usiguse". Mtoto mmoja mwaka jana, kama miaka kumi hivi, aliweka kiganja kwenye tairi, tairi tu, akakemewa mpaka mama yake akamwondoa. Huyo mtoto ndiye mnayemtegemea anunue 2045?

Basi, Ijumaa gari likawa tayari. Kona nilifika, kama nilivyoagizwa. Taa ilikuwa kijani. Woodward iko pale mbele, siyo mbali. Gia ya tatu inaingia kwa kusukuma kidogo kuelekea kulia kabla ya kupanda juu, sasa kuna mtu mmoja duniani anajua. Nilipokanyaga, benchi zima lilirudi nyuma na mimi nikiwa juu yake. Kwenye kituo cha basi kulikuwa na kijana amevaa sare ya kazi ya duka la baga, nikampigia honi. Miip-miip. Alicheka mpaka akainamisha kichwa.

Mteja alipokuja alisoma dashibodi kabla ya kunisalimia. Maili tatu zimeongezeka, akaniuliza za nini. Nikamwambia breki mpya lazima zipate moto ndipo zikae sawa, na hilo ni kweli kabisa. Akaandika kwenye kijitabu. Kisha gari lile, ambalo linawaka kwa kugusa ufunguo, akalivuta juu ya trela kwa winchi, injini imezimwa.

Kama uko Michigan, Ohio au Indiana na unamjua mtu mwenye Road Runner imelala shambani, mtu asiyefuatilia minada, nishtue. Namba zisioane, sijali. Sakafu ikiwa imeoza nitaichomelea mwenyewe.