Mama alikatazwa bugali bila kupimwa

Juzi, katika kituo kimoja cha afya hapa Bukavu, nilimsikia muuguzi akimwambia mzee wa watu: "Baba, una sukari, acha bugali (ugali) kabisa." Hakumuuliza anakula kiasi gani, wala anaila na nini. Nilikasirika hadi mikono ikatetemeka, kwa sababu maneno yale yale alipewa mama yangu mwaka jana. Mama alitii. Miezi mitatu aliishi kwa chai kavu na sombe tupu (majani ya muhogo), huku vidonge vya kushusha sukari akiendelea kumeza, mpaka siku moja saa sita mchana akaanguka jikoni. Sukari ya damu ilikuwa imeshuka mno, hadi 58.

Kilichomrudishia chakula chake ni kimashine cha kupima sukari kwa tone la damu ya kidole. Tunapima kabla ya kula, tunapima tena masaa mawili baada ya kuanza kula, na kila kilichokuwa kwenye sahani kinaandikwa kwenye daftari. Wengi hupewa lengo la 80 hadi 130 mg/dL (miligramu za sukari kwa desilita moja ya damu) kabla ya kula, na chini ya 180 baadaye. Bugali ya muhogo, sahani ikijaa kama alivyozoea: 121, kisha 244. Siku nyingine bugali ile ile, kiasi cha ngumi yake, na maharagi, mboga za lenga-lenga na samaki wadogo wa sambaza: 118, kisha 162. Mama aliitazama ile namba muda mrefu. "Mutoto wangu, sasa walinikataza nini?" Na uji wa asubuhi, ambao sote tuliuona ndio chakula cha mgonjwa, ulimpandisha hadi 260.

Kuna siku tulipata 312 nikaogopa. Kumbe alikuwa ametoka kumenya embe, na sukari ya embe ilibaki kidoleni. Akanawa kwa sabuni, akajikausha, akapima tena: 149.

Ndiyo, bandeleti, vile vijiti vya kimashine vinavyopokea tone la damu, ni ghali. Siwezi kumwambia mama anayeuza nyanya sokoni Kadutu apime mara nne kwa siku. Nakubali pia kwamba anayetumia vidonge tu, akipima kila asubuhi bila kubadili chochote, anamaliza bandeleti bure. Basi azipeleke kwenye sahani: mbili kwa mlo mmoja anaoupenda, mara chache kwa mwezi. Wa insulini ni habari nyingine, huyo hana budi kupima kila siku. Na dozi tusiiguse wenyewe nyumbani, hiyo ni kazi ya dokta.

Alhamisi mama ana randevu kwenye kituo cha afya. Daftari limeshaingia kwenye mkoba wake, namba za wiki sita. Muuguzi alifungue, asome ukurasa kwa ukurasa, ndipo amwambie habari ya bugali.