Akidi Haijatimia

Swichi, lile boksi linalounganisha nyaya za mtandao, iliniuliza vizuri tu, tena kwa adabu. Mipangilio imebadilishwa, niihifadhi kabla ya kujizima? Ndiyo au hapana. Ilikuwa Jumamosi saa 9:40 alasiri, saa 11 Simba na Yanga wanaingia uwanjani, na mimi jezi nilishaivaa chini ya shati la kazi. Nikajibu hapana.

Hadi leo nikiulizwa kwa nini, sina la kusema. Nadhani kidole kilikuwa na haraka kuliko mwenyewe.

Nafanya kazi kwenye kampuni moja ya intaneti hapa Dar, saizi ile ya kwamba mtu wa seva ndiye huyo huyo anayeitwa printa ya uhasibu ikikwama. Nilipoajiriwa nilikuta chumba cha seva kina mashine 11 za kale, kila kazi na mashine yake: hii ya DNS inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani, ile ya RADIUS inayohakiki wateja wakijiunga, ile ya barua pepe, ile ya ankara, na moja iliyokuwa ikiwaka taa miaka yote bila mtu kujua inafanya nini, ila kila aliyetaka kuizima aliambiwa, "Hiyo iache." Viyoyozi viwili vinahema usiku kucha. LUKU tulikuwa tunanunua kama watu wanaonunua vocha.

Nikampelekea bosi wazo. Tununue seva tatu zenye misuli, zile zilizotumika zinazoletwa kutoka Dubai, kumbukumbu gigabaiti 256 kila moja. Tuweke Proxmox, programu ya kugawa seva moja kuwa nyingi, ambayo kuitumia ni bure. Halafu zile 11 zote tuzigeuze kuwa seva pepe, zihamie humo ndani.

Bosi akasikia "seva pepo". Kikao cha kwanza kiliishia hapo.

Cha pili nikaja na mfano wa nyumba ya kupanga: nyumba moja, vyumba vingi, kila mpangaji na kufuli lake, umeme mnachangia. Akaelewa mpaka akanizidi, akaniuliza mwenye nyumba akiugua wapangaji wanaenda wapi. Nikamjibu kwa mbwembwe kwamba ndiyo maana tunanunua nyumba tatu. Moja ikianguka, wapangaji wanahamia za jirani wenyewe, usiku wa manane, bila hata kuamshana. Akasaini.

Na kweli ilipendeza. Miezi miwili nilihamisha mashine moja moja. Ile isiyojulikana nayo niliihamisha na siri yake. Nikanogewa. Simu za mezani za ofisi, humo. Kabati la manenosiri, humo. Mfumo wa kunitumia SMS kitu kikiharibika, humo. Mwishowe hata mfumo wa kadi za milango, ambao fundi aliufunga kwa namna kwamba kila kadi ikiguswa mlango unauliza kwanza seva kama wewe ni mtu wa kufunguliwa, nao nikauchukua nikautia humo humo. Usiniangalie hivyo.

Sasa, seva tatu zikiishi pamoja zina utaratibu wake. Muda wote zinaitana: upo? Nipo. Zikisikiana mbili au zaidi, akidi imetimia, kazi inaendelea. Moja ikijikuta peke yake, haina namna ya kujua kama wenzake wamekufa au yeye ndiye aliyetengwa. Ikiendelea na kazi zake, na wenzake huko waliko wakaziamsha kazi zile zile, mnapata RADIUS mbili zinazopingana kama wake wenza. Kwa hiyo ukiwasha ule mpango wa wapangaji kuhama wenyewe, seva inapewa na mbwa mlinzi: ukikaa sekunde 60 bila akidi, anakung'ata, unajizima na kuwaka upya, wenzako waendelee.

Mpango huo niliuwasha kwa majivuno. Na zile "upo? nipo" zote zilipita kwenye swichi moja. Niliomba ya pili. Bosi akauliza, "Hiyo moja imekufa?" Haijakufa. "Basi."

Jumamosi ile nilikuwa naiwekea swichi programu mpya. Kuizima na kuiwasha, dakika tano. Mpango ulikuwa tuifanye saa 10 alfajiri, nikapitiwa na usingizi. Nikasema aa, alasiri watu wote wako kwenye maandalizi ya mechi, nani atakuwa kwenye intaneti?

Swichi ikazima. Seva ya kwanza ikaita, kimya. Ya pili ikaita, kimya. Ya tatu vile vile. Kila moja ikajua wenzake ndio waliobaki na akidi, yeye ndiye wa kujitoa. Sekunde 60 zilipotimia zote tatu zikajitoa kwa ajili ya wenzake, kwa pamoja, kwa upendo mkubwa.

Mimi sikujua. Nilikuwa dawatini nakunywa chai nasubiri SMS ya tatizo. Hakuna SMS. Simu za ofisi hazilii. Nakumbuka nilimwambia yule mwanafunzi wa fildi, "Unaona kazi ikipangwa vizuri? Utulivu mtupu."

Akaniangalia. "Kaka, mbona hata waifai ya hapa imekata?"

Swichi yenyewe ilishawaka zamani. Ila iliwaka na akili ya siku ya kwanza. Swichi ina kumbukumbu mbili, ile inayofanyia kazi sasa na ile inayoisoma ikiamka. Mwezi mzima mimi nilikuwa nachora VLAN, yaani mipaka inayotenganisha mitandao ndani ya swichi moja, kwenye ile kumbukumbu ya kwanza kama mtu anayeandika namba ya simu kiganjani, kisha leo nimeulizwa kama nioge bila kuinakili, nikasema ndiyo nioge. Milango yake yote, yaani matundu ya nyaya, ikarudi kama ilivyotoka kwenye boksi. Seva zikawaka, zikaitana, zikakuta njia hakuna. Zikakaa. Zina umeme, zina afya, zina wapangaji wote ndani, lakini hazimwamshi hata mmoja. Akidi haijatimia.

Saa 10:10 WhatsApp ya huduma kwa wateja ikafurika. Dada yetu wa zamu alikuwa kwenye bando lake mwenyewe na anawajibu wote jibu la siku zote: zima ruta, hesabu mpaka kumi, washa. Sasa sikiliza uzuri wake. Nyaya zetu zilikuwa nzima. Wateja wengi walikosa DNS tu, yaani barabara ipo ila hakuna wa kumuuliza nyumba ya fulani iko wapi. Kuna kijana mmoja wa Tabata aliyewahi kubadilisha DNS mwenyewe akaweka ile ya Google, 8.8.8.8, yeye mambo yalikuwa yanakwenda kama kawaida. Alituandikia kwa wema tu kwamba jirani zake wanalalamika. Dada akamwambia azime ruta, ahesabu mpaka kumi, awashe. Akatii. Ruta ikaja kujiunga upya, RADIUS wa kumhakiki amelala, naye akatoka hewani. Hatukusikia tena kutoka kwake.

Bosi naye, kabla hajaniuliza, alishatuma tangazo: tatizo la mkongo wa baharini, mafundi wanashughulikia. Simlaumu. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika kweli siku moja, nchi nzima ikahangaika, na tangu hapo mkongo umekuwa kama malaria, kila homa ni yeye. Bahati mbaya mwenye kibanda umiza wa Mbagala akamjibu: "Mkongo gani mkuu? Jirani yangu ana kampuni nyingine anaangalia uchambuzi. Mimi nina watu 80 humu wameshalipa."

Nikakimbilia chumba cha seva. Nikagusa kadi. Mlango ukawasha taa nyekundu. Nikagusa tena, kwa upole, kama mtu anayeomba msamaha.

Mzee wetu wa ulinzi akaja na kiti akakaa kunitazama. "Mwanangu," akasema, "ule ufunguo wa chuma si anao mama wa usafi?" Ufunguo huo rasmi haukuwepo. Nilishaagiza zote zirudishwe tulipoweka kadi.

Nikampigia. Shikamoo mama. Marahaba, sema haraka niko kwenye kikao. Nikamweleza: mtandao umelala, wateja maelfu, mlango, ufunguo, namtuma bodaboda sasa hivi amlete. Kukawa kimya, nyuma nasikia mtu anasoma michango. Akashusha sauti.

"Siwezi kutoka, mwanangu. Tuko tisa. Nikitoka akidi inavunjika, na bajeti ya ukumbi hatujapitisha."

Nikakaa chini sakafuni. Nilikuwa nimezungukwa na akidi pande zote.

Mwishowe tulielewana kwamba bodaboda aje achukue ufunguo, yeye abaki apige kura. Bodaboda alifika saa 11:20, mechi imeshaanza, redio ya mzee inapiga kelele, mlango ukafunguka kwa mlio wa kitasa cha zamani ambao sijawahi kusikia muziki unaouzidi. Nikachomeka waya wa konsoli. Swichi ikaomba nenosiri.

Nikaandika la sasa. Si hilo. Bila shaka si hilo: swichi ilikuwa imerudi siku ya kwanza, inataka nenosiri la siku ya kwanza. Na kabati la manenosiri liko ndani ya seva, na seva inasubiri swichi, na swichi inanisubiri mimi. Nikajaribu tarehe ya kuzaliwa ya mwanangu. Nikajaribu jina la bosi. Nikajaribu neno moja ambalo silirudii hapa.

"Kaka," mwanafunzi akaita toka mlangoni, akiwa ameshika daftari la fildi kifuani kama kitabu cha dini. "Usikasirike."

Akafungua ukurasa wa wiki ya pili. Kwa peni ya bluu, rula na kifutio, alikuwa ameichora swichi nzima, milango yote 24, kila mmoja na VLAN yake na waya unakokwenda, maana mhadhiri wake anapenda michoro. Chini ya mchoro: "Leo tulifungua boksi la swichi. Tulikula chipsi mayai. Kaka akaweka nenosiri: ChipsiMayai@2."

Mtu niliyewahi kumsimamisha nusu saa nikimhubiria habari za usalama wa mitandao, kwa sababu aliacha kompyuta yake wazi akaenda chooni.

Nikaandika ChipsiMayai@2. Ikafunguka. Yeye anasoma, mimi naandika, mlango wa 1, VLAN 10, mlango wa 2, VLAN 10, kama ibada. Tulipofika mlango wa 17 feni za seva zikabadilisha sauti. Zimesikiana. Mmoja baada ya mwingine wapangaji wakaanza kuamka, DNS, RADIUS, ankara, mpaka ile isiyojulikana. Simu za mezani zikaanza kulia zote kwa mara moja. Kisha yangu ya mfukoni ikatetemeka, SMS 43 zikiniarifu kwa unyenyekevu kwamba kuna tatizo.

Ilikuwa dakika ya 70. Kibanda umiza akatuma ujumbe mmoja tu, nao sitauweka hapa kwa sababu watoto wanasoma. Mama wa usafi naye akatuma: ukumbi umepitishwa, na mimi nimeandikiwa mchango wa elfu hamsini.

Wiki mbili baadaye mwanafunzi alimaliza fildi, akaniletea daftari nitie sahihi. Nikalifungua haraka kwenye ule ukurasa nione kama amefuta nenosiri. Hajafuta. Mhadhiri alishapita kukagua kabla yangu; alikuwa amelizungushia duara la wino mwekundu, na pembeni ameandika: "Vizuri. Eleza zaidi."