Kitabu cha Pengwini Kituambie Kwanza ni Pengwini Yupi

Kosa kubwa la vitabu vya watoto kuhusu pengwini huanzia kwenye jalada. Pale huchorwa ndege mweusi mgongoni, mweupe tumboni, kasimama juu ya barafu, na humo ndani anaitwa pengwini tu, basi. Spishi za pengwini ni takriban 18. Mwandishi asipochagua mmoja, humkabidhi mtoto ndege wa kubuni: ana kimo cha huyu, kiota cha yule, na makao ya mwingine kabisa.

Tazama tofauti zilivyo kubwa. Pengwini mfalme mkuu wa Antaktika, aliye mkubwa kuliko wote, hufikia kimo cha sentimita 115 hivi, sawa na mtoto wa miaka sita. Pengwini mdogo wa Australia na New Zealand ana sentimita 33 na uzito wa kilo moja tu. Pengwini wa visiwa vya Galapagos anaishi karibu na ikweta, na baadhi yao huzaliana kaskazini yake kidogo. Kwa hiyo sentensi "pengwini huishi kwenye barafu" si sahihi kwa spishi nyingi. Na dubu mweupe akitokea ukurasa wowote, rudisha kitabu rafuni. Yeye ni wa upande wa pili wa dunia.

Ukishachagua spishi, hadithi hujijenga yenyewe kwa sababu kila tabia ina chanzo chake. Chukua mfalme mkuu. Jike hutaga yai moja mwezi Mei au Juni, baridi ikiwa inaanza kukaza, kisha humwachia dume na kurudi baharini kula. Dume huliweka yai juu ya miguu yake na kulifunika kwa mkunjo wa ngozi ya tumbo. Huliatamia siku 65 hivi. Ukihesabu tangu alipofika mahali pa kuzalia, hukaa bila chakula karibu siku 115, na hupoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Kinda akianguliwa kabla mama hajarudi, baba humlisha ute mzito unaotengenezwa kwenye umio wake.

Vitabu vingi huyataja haya, halafu vinaruka swali ambalo mtoto angeliuliza: mbona madume hawa wanaweza kubanana kundi zima ili kupata joto bila kugombana? Ni kwa sababu hawana kiota cha kulinda. Yai liko miguuni, hivyo dume anaweza kutembea nalo polepole, na kundi zima husogea kwa hatua ndogondogo, aliyekuwa pembeni akapata zamu ya ndani. Pengwini wa Adélie, spishi nyingine ya Antaktika, hawezi hivyo. Yeye hujenga kiota cha vijiwe, humdonoa jirani anayekaribia, na yeye mwenyewe huiba vijiwe vya jirani. Mchoro unaowaonyesha Adélie wamekumbatiana kuzunguka mayai umeunganisha maisha mawili yasiyoungana.

Pengwini wa Afrika, wa pwani za Afrika Kusini na Namibia, angestahili vitabu vingi zaidi kuliko alivyo navyo. Hutaga kwa kawaida mayai mawili, na wazazi hupokezana kuatamia kwa siku 40 hivi. Shida yake ni joto. Zamani alichimba shimo ndani ya tabaka nene la kinyesi cha ndege wa baharini; watu wakakikwangua kinyesi hicho kwa ajili ya mbolea, na wengi wakabaki kutagia juani. Mzazi akizidiwa na joto huondoka kwenye kiota, na mayai yakabaki wazi. Ile ngozi ya waridi juu ya jicho ni sehemu ya kutolea joto: damu huja pale kwa wingi ikapoa. Mchoraji akiipaka rangi kama pambo tu, maandishi hayana budi kueleza kazi yake. Na kwa anayesoma kwa sauti, huyu ndiye bora kuliko wote, kwani hulia kama punda.

Upande wa michoro, angalia mambo machache. Bawa la pengwini ni gumu na bapa, halikunjiki kama la kunguru, hivyo pengwini anayelikumbatia yai kwa mabawa si pengwini. Magoti anayo, ila yamefichwa ndani ya manyoya. Kinda wa mfalme mkuu ana malaika, yaani manyoya laini ya utotoni, ya kijivu, uso mweupe na kichwa cheusi; si mzazi aliyepunguzwa. Malaika hayo hayazuii maji, kwa hiyo kinda asichorwe akiogelea mpaka yatoke na manyoya ya kikubwa yaote.

Kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano, sentensi mbili au tatu kwa ukurasa zinatosha, na namba moja kwa kila kurasa mbili zinazotazamana. Namba tatu zikirundikwa pamoja, hakuna inayobaki. Ningetoa kurasa mbili nzima kwa kunyonyoka manyoya, jambo ambalo vitabu hulisahau: kwa pengwini wengi, mara moja kwa mwaka manyoya yote hubadilishwa kwa mkupuo, na kwa wiki kadhaa ndege hawezi kuingia baharini, kwa hiyo hawezi kula. Lazima anenepe kabla. Watoto hufurahia kumwona akiwa chakavu hivyo.

Maadui wa pengwini, yaani sili chui, mnyama wa baharini anayewawinda, na skua, ndege mkubwa wa baharini, wasifichwe pia. Skua huchukua mayai na makinda, na mtoto anayesikiliza ataelewa mara moja kwa nini mzazi mmoja habanduki kiotani.

Mwisho, tazama mwaka wa kuchapishwa. Pengwini wa Afrika aliingizwa mwaka 2024 katika kundi la spishi zilizo hatarini mno kutoweka. Kitabu cha kabla ya hapo kinaweza kuwa kizuri kwa mengine yote. Ukurasa wa uhifadhi tu ndio msomaji aurekebishe kwa mdomo, au abandike karatasi ndogo yenye taarifa mpya.